Je, wajua kwa nini lundo la mezani hukupa karatasi upesi kuliko faili lenye vigawanyo ishirini?

Karatasi za nyumba moja ya kupangisha pale Ngamiani, Tanga, zatosha kujaza kabati. Kuna hati ya mauziano ya kiwanja, mikataba ya wapangaji, bili za maji, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya kuzaliwa, barua za serikali ya mtaa, dhamana ya jokofu, na risiti ya mabati yaliyoezekwa baada ya masika. Siku mwenye nyumba anapochoka kupekua, kila mtu humpa ushauri uleule: nunua boksi faili, tia vigawanyo, kila kitu kiwe na mahali pake. Maji kwa maji, shule kwa shule, nyumba kwa nyumba.

Baada ya miezi michache karatasi zimesharudi mezani, na lawama zinamwangukia yeye: hana utaratibu, mvivu. Lakini mpe mtihani. Mwambie atoe barua iliyokuja juzi kutoka kwa mtendaji, au mkataba wa mpangaji mpya. Mara nyingi mkono unaingia kwenye lundo na kutoka nayo, ilhali lile boksi faili zuri lingemweka dakika kumi. Kwa nini fujo iushinde mpangilio?

Dhana inayotupoteza ni kwamba kila karatasi ina mahali pake pamoja tu. Chukua bili ya maji ya chumba cha uani, ambayo mpangaji aliyehama hakuilipa. Ni karatasi ya maji? Ya nyumba? Ya mpangaji? Ya madeni? Majibu yote manne ni sahihi, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Unapoihifadhi Februari kichwa kimejaa habari za bomba, basi unaitia kwenye “Maji”. Unapoitafuta Septemba una ugomvi na mpangaji, kwa hiyo unafungua “Wapangaji”. Haipo. Unafungua “Nyumba”. Haipo. Unaanza kumshuku mtoto aliyekuwa akichezea kabati.

Watu wengi hudhani dawa ya hapo ni kuongeza vigawanyo, ili kila jambo lipate jina linalolitosha. Matokeo huwa kinyume. Faili lenye sehemu tatu, ukikosea ya kwanza umebakiza mbili za kutazama. Lenye sehemu ishirini, na majina yanayopakana kama “Nyumba”, “Ukarabati”, “Mafundi” na “Risiti za ujenzi”, kila kosa linazaa mlango mwingine wa kubisha. Tena kila karatasi mpya inakuja na uamuzi wake: iende wapi? Uamuzi wenyewe ni mdogo, ila unachosha, na karatasi iliyoshindikana kuamuliwa huachwa juu ya meza hadi kesho. Au inatupwa kwenye kile kigawanyo cha mwisho, “Mengineyo”, ambacho mwaka haujaisha kimenenepa kuliko ndugu zake wote. Ukikitazama vizuri utaona ni lundo lilelile la mezani, limevalishwa jalada.

Imani hii ya vigawanyo tumeirithi ofisini, na ofisini ina sababu zake. Ukienda masjala ya taasisi yoyote ya serikali utakuta majalada yenye namba, daftari la kusajili barua zinazoingia na kutoka, na kumbukumbu ya jalada gani liko kwa ofisa yupi. Nyuma ya yote hayo yupo msaidizi wa kumbukumbu, mtu aliyesomea kazi hiyo; Chuo cha Utumishi wa Umma huifundisha kama taaluma kamili. Barua ikiwa na majibu manne sahihi, yeye huchagua moja na kuliandika daftarini, na atakayeitafuta huanzia daftarini. Sisi nyumbani tunanunua rafu ya masjala tukaacha daftari na mwenye nalo, kisha tunashangaa rafu haifanyi kazi.

Kwa historia, kusimamisha karatasi wima ndani ya kabati ni jambo la juzijuzi. Kampuni ya Library Bureau ya Marekani ilionyesha kabati za namna hiyo kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, mwaka uleule Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge huku kwetu, alipoanza na miche 62 iliyosalimika safarini, kule Pangani. Ni sadfa tupu, lakini inapendeza kujua kwamba kabati la mafaili na shamba la mkonge la Tanga ni marika. Kabla ya hapo karatasi nyingi za ofisi zililazwa au kufungwa mabunda kwa kamba.

Watafiti nao walilichungulia lundo. Mwaka 1983 Thomas Malone alichapisha utafiti wa jinsi wafanyakazi wa ofisini wanavyopanga meza zao, akaona lundo lina kazi ambayo faili haliiwezi: linakumbusha. Karatasi iliyo mbele ya macho inasema “bado hujanilipa”. Mwaka 2001 Steve Whittaker na Julia Hirschberg waliwachunguza watu waliokuwa wakihama ofisi. Waliokuwa na tabia ya kufaili kila kitu walikuwa wamejilimbikizia karatasi nyingi kuliko wenye malundo, na walizigusa mara chache zaidi. Wengi wao walifaili mapema mno, kabla ya kujua kama karatasi ina thamani. Tusiuvute ushahidi huu kuliko urefu wake: hao walikuwa wafanyakazi wa Marekani wenye ofisi na makabati, na idadi yao haikuwa kubwa. Haujathibitisha lolote kuhusu sebule ya Ngamiani. Unaonyesha tu kwamba lundo lina akili yake.

Akili hiyo ikoje? Fikiria kabati la kanga la bibi yeyote wa Kitanga. Hakuna aliyekaa akazipanga kwa rangi wala kwa majina. Anachukua ya juu au iliyo karibu na juu, anajitanda, inafuliwa, inakunjwa, inarudishwa juu ya rundo. Basi. Baada ya wiki kadhaa kanga za kushindia zote ziko juu, za kutokea ziko katikati, na ile doti ya harusi ya mwaka juzi imeshuka chini kabisa. Hakuna mkono uliozipanga hivyo, zimejipanga kwa kutumika. Siku akiitaka ile ya chini atapekua, na itamchukua muda. Lakini tazama kinachofuata: akishaivaa, nayo inarudi juu. Msimu wa harusi ukiendelea, kila Jumamosi anaikuta mkononi. Msimu ukiisha, za kushindia zinaiteremsha tena pole pole bila yeye kufikiri. Taabu ya kupekua anailipa mara moja mwanzoni mwa kila msimu, wepesi anaupata kila siku.

Karatasi zina misimu vilevile. Cheti cha kuzaliwa kinalala miaka mitano, halafu Januari kinatakiwa shule, Februari kinatakiwa na bima, Machi kinatakiwa kwa ajili ya pasipoti. Mkataba wa fundi unatafutwa kila siku nyumba inapojengwa, kisha hautafutwi tena. Kilichotumika karibuni ndicho chenye uwezekano mkubwa wa kutakiwa tena karibuni.

Mwaka 1985 Daniel Sleator na Robert Tarjan, wanasayansi wa kompyuta, waliliweka jambo hili kwenye hesabu. Walichunguza orodha inayotafutwa kuanzia mwanzo, ambapo kila kilichopatikana kinarudishwa mbele. Wakathibitisha kwamba jumla ya kazi ya kutafuta haizidi takriban mara mbili ya kazi ya mpangilio bora kabisa unaowezekana, hata ule wa mtu anayejua mapema vitu vyote vitakavyoulizwa. Kwa maneno mengine, tabia ya bibi ya kurudisha kanga juu inashindana na mpiga ramli na haiachwi mbali. Hesabu hiyo ina masharti: ni ya orodha moja, inayotafutwa kwa kufuata mstari, na karatasi haziishi kwenye nadharia. Hata hivyo, kwa kanuni isiyohitaji hata chembe ya kufikiri, ni matokeo ya ajabu.

Mchumi wa Kijapani, Yukio Noguchi, ndiye aliyeitangaza kanuni hiyo kwa ajili ya karatasi, katika kitabu chake cha 1993. Alichofanya ni kuligeuza lundo ubavu. Lundo lililolazwa lina kasoro moja kubwa: ukichomoa cha chini, vya juu vinaporomoka. Vikisimama wima, hakuna kinachomkalia mwenzake.

Hapa Tanga mahitaji yake hayazidi bei ya sahani chache za pilau. Nunua bahasha za kaki za A4 na ukate vifuniko vyake. Kila bahasha iwe na jambo moja: mpangaji wa chumba cha uani, jokofu, mradi wa mabati. Andika jina na tarehe ubavuni, uzisimamishe kwenye rafu au ndani ya boksi la rimu. Bahasha mpya inakaa kushoto kabisa. Uliyoitoa, ukimaliza, unairudisha kushoto kabisa, siyo pale ulipoichomoa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu mkono uliozoea adabu hutaka kurudisha kitu kilipotoka. Baada ya miezi kadhaa upande wa kulia utakuwa na bahasha ambazo hakuna aliyezigusa. Hizo ndizo za kuamuliwa: zitupwe au zihamie ghalani. Kabla ya kutupa angalia kama ni za biashara, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano.

Foleni hii ya bahasha haifai kila mahali. Hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na vyeti vya shule havipaswi kushindana na bili za maji. Vinatakiwa mara chache, lakini vikikosekana hasara yake ni kubwa, kwa hiyo viwekwe nje ya foleni, mahali pasipobadilika. Ofisi yenye makarani watatu nayo itasumbuka, kwa sababu foleni hufuata kumbukumbu ya aliyeigusa mwisho, na mwenzako hajui wewe uligusa nini Jumatatu. Hapo vigawanyo vichache na daftari la masjala vinarudi kuwa na maana. Tena foleni humjibu mwenyewe tu. Mwenye nyumba akifariki, watoto wanaofuatilia mirathi watakuta bahasha mia zisizo na mantiki wanayoiona. Karatasi moja ya orodha, iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, inawaokoa: hati iko wapi, benki ipi, nani anadaiwa.

Pwani nayo ina sheria zake. Hewa ya chumvi huozesha pini za stepla, na kutu yake hula karatasi ikaacha tundu la kahawia, kwa hiyo ndani ya bahasha karatasi zikae bila pini. Boksi lisiguse sakafu wala ukuta wa nje. Unyevu na mchwa hupitia huko.

La mwisho ni risiti za EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi dukani, ambazo huwapotea hata watu makini. Karatasi yake haina wino. Imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na tindikali ya unga, na joto la mashine ndilo linaloyeyusha viwili hivyo vikakutana na kuwa maandishi meusi. Mkutano huo si wa kudumu. Joto likizidi karatasi yote inakuwa nyeusi, na ikigusana na plastiki laini ya PVC, vilainisho vilivyomo humo hupenya na kuitenganisha rangi na tindikali yake, maandishi yakafifia. Maana yake ile folda nyororo inayong’aa, iliyonunuliwa ili risiti isiharibike, yaweza kuwa ndiyo inayoifuta. Toa fotokopi siku hiyohiyo: unga wa mashine ya fotokopi una kaboni, nao huyeyushwa ukashika kwenye karatasi ya kawaida. Halafu tia vyote viwili kwenye bahasha ya kaki, kushoto kabisa.