Ukali wa mpakani na uwanja wa ndege: tunavyodhani na ilivyo

Ukitaja safari ya Zambia mbele ya wafanyabiashara wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, hutamaliza sentensi kabla hujapewa kisa cha afande aliyemfokea mtu mpakani Tunduma. Ukitaja ndege, utapewa kingine cha dada wa ukaguzi aliyemwaga begi la mtu mezani kama anachambua mitumba. Vingi ni visa vya kweli. Shida iko kwenye maelezo tunayoyabandika juu yake: utaratibu wa kawaida tunauita ukorofi, halafu ukorofi wenyewe tunaumeza tukiamini ndivyo kazi inavyotaka.

"Afisa akiwa mpole, magendo yatapita"

Hii ndiyo dhana mama, na wanaoitetea zaidi ni wasafiri wenyewe. "Bila kufokewa watu wetu hawasikii," utaambiwa. Lakini tazama kazi yenyewe. Afisa anayemhoji msafiri anatafuta maelezo: unatoka wapi, unaenda kwa nani, utakaa siku ngapi, hela ya kujikimu unayo? Mtu aliyefokewa hujibu kwa mkato, husahau hata mtaa anaokaa shemeji yake, jasho linamtoka. Sasa huyo atatofautishwaje na anayebabaika kwa sababu kaficha kitu? Aliyesalimiwa vizuri huongea, na mwongo akiachiwa aongee hujichanganya mwenyewe. Ukali unamharibia afisa kazi yake.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Kuulizwa swali lilelile mara mbili si dharau, ndiyo mbinu ya kuhoji. Kuulizwa na mtu asiyetabasamu si dharau pia. Huku Nyanda za Juu Kusini tumelelewa kwamba neno halianzi kabla ya salamu. Mnyakyusa anasubiri "ugonile", Mhehe anasubiri "kamwene", na kijana asiyeamkia wakubwa huonekana hakufunzwa kwao. Mama mtu mzima akitamkiwa "Pasi!" na kijana wa umri wa mjukuu wake, anaumia, na ana haki ya kuumia. Ila hilo ni pungufu la adabu ambalo afisa mwenye abiria wa mabasi mawili kwenye foleni anaweza kulifanya bila nia mbaya.

Kejeli ni habari nyingine. "Na sura hiyo ndiyo unaenda Afrika Kusini?" "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?" Hakuna kanuni ya usalama inayodai maneno hayo. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake, na haikuweka "isipokuwa Tunduma". Kwenye usafiri wa anga, Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinawataka maafisa walinde utu hata wa abiria aliyekataliwa kuingia nchini, wakati wote akiwa mikononi mwao. Ikiwa aliyekataliwa analindiwa heshima, aliyekuja tu kugongewa muhuri je?

"Wamefungua begi langu kwa sababu wameniona mshamba"

Mara nyingi begi limejiponza lenyewe. Mashine ya eksirei huonyesha vitu kwa rangi: metali huonekana bluu, na vitu vya asili ya mimea au wanyama, yaani chakula, nguo, karatasi, huonekana rangi ya chungwa. Vilipuzi vingi navyo huangukia kundi hilohilo la chungwa. Sasa mtu wa Kyela anayepanda ndege pale Songwe kwenda Dar amebeba kilo tano za mchele, unga wa ulezi na maparachichi mawili matatu ya shangazi. Kwenye skrini hilo ni bonge zito la chungwa ambalo macho hayawezi kupenya. Anayekaa pale hajui harufu ya mchele wa Kyela; anaona umbo tu, na wajibu wake ni kufungua. Angefungua hata kama begi ni la waziri. (Angalau ndivyo inavyotakiwa. Nani asiyejua kwamba suti hupita haraka kuliko kitenge?)

Kazi ya kukodolea skrini inachosha kiasi kwamba kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mkaguzi kwa kawaida asizidishe dakika 20 mfululizo, kisha aachie macho yapumzike angalau dakika 10. Ukimkuta mtu amekunja uso kule kwenye mashine, huenda ni macho tu.

Kinachokera kihalali ni namna begi linavyofungwa, au lisivyofungwa. Kuachiwa ukusanye nguo zako za ndani mbele ya foleni nzima ni kudhalilishwa, na unaweza kuomba kabla hawajaanza: "Naomba tukague pembeni." Kwa upekuzi wa mwili, sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hiyo si hisani ya kuombea kwa magoti.

"Wote pale ni Uhamiaji"

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozama. Anayegonga muhuri ni wa Uhamiaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Anayeuliza bei ya vitenge ulivyobeba ni wa forodha, na huyo ni wa TRA, Mamlaka ya Mapato, chini ya Wizara ya Fedha. Anayetaka kadi ya chanjo ni wa Wizara ya Afya. Bado hujafika kwa watu wa viwango na wa afya ya mimea, na polisi. Kwenye uwanja wa ndege wapo pia wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Na mtu wa kwanza kukudaka mkono Tunduma, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, aghalabu si afisa kabisa: ni mbadilisha fedha, au kishoka anayejifanya wakala. Nimesikia watu wakilaani serikali kwa matusi ya kishoka.

Kuna mkorogo mwingine. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kilipozinduliwa na marais Magufuli na Lungu mwaka 2019, utaratibu ni wa kusimama mara moja: ukitoka Tanzania, taratibu za nchi zote mbili unazimaliza upande wa Nakonde, na ukirudi unazimalizia Tunduma. Kwa hiyo madirisha mawili yaliyo jirani yanaweza kuwa ya serikali mbili tofauti, na Mzambia anaweza kuwa kazini kwenye ardhi yetu kihalali kabisa. Soma nembo begani kabla hujalalamika, maana ofisi ya Dodoma haiwezi kumwita mtumishi wa Lusaka ajieleze.

"Kadi yangu ya njano ina zaidi ya miaka 10, wana haki ya kunikatalia"

Hawana. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Lakini usisubiri kubishana dirishani ukiwa na basi linalopiga honi. Ongea taratibu, na akikazania, omba msimamizi wa zamu.

"Nina viza, hana cha kuniuliza"

Anacho. Viza inakufikisha mlangoni. Anayefungua mlango ni afisa wa nchi unayoingia. Ndivyo ilivyo Marekani, ndivyo ilivyo Ulaya, ndivyo ilivyo hata kwa mgeni anayeingia kwetu. Kijana wa Iringa anayekwenda kusoma asichukie akiulizwa ada inalipwa na nani. Aweke barua ya chuo kwenye begi la mkononi badala ya kuizika chini ya sanduku kubwa.

"Amenuna, anataka ya chai"

Pengine anataka, pengine amekesha zamu. Ukimwekea noti ndani ya pasi kabla hajasema lolote, umetenda kosa wewe kwanza: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inambana anayetoa sawa na anayepokea. Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Ukiombwa kinyume cha hapo, uliza kwa sauti ya kawaida, "Afande, naomba namba ya malipo." Swali hilo huwa linatosha. Lisipotosha, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113.

"Ukilalamika, safari ijayo wanakuwekea alama"

Hofu hii inaeleweka, na siwezi kumwapia mtu kwamba hakuna afisa mwenye kinyongo. Ila lalamiko la kugombana dirishani ni tofauti na la maandishi. La kwanza linakuchelewesha na kumpa mtu sababu. Kutoa simu na kuanza kurekodi ndiyo kabisa, maana sehemu hizo mara nyingi zina mabango ya kukataza picha. La pili linaweza kupelekwa ukiwa umeshafika nyumbani Uyole, kupitia mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, au kwa barua kwa mkuu wa kituo ukinukuu mkataba wa huduma kwa mteja wa taasisi husika.

Andika jina lililo kifuani, taasisi, dirisha, maneno aliyotamka kama yalivyo, na muda. Kwenye muda taja upande pia: Zambia na Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo "saa nne asubuhi" bila maelezo, iwe Nakonde au Kasumulu mpakani na Malawi, inaweza kumwangukia afisa wa zamu nyingine asiyekujua wala usiyemjua.