Msitu wa Amazon haukuwa pori tupu

Kuna picha ya msitu wa Amazon inayozunguka kwenye magrupu ya simu miaka nenda miaka rudi. Chini yake huandikwa kwamba msitu huo haujawahi kuguswa na binadamu, na kwamba popote watu wanapoishi, uoto hufa. Si kweli.

Watu wameishi Amazon kwa zaidi ya miaka 10,000, na ushahidi uko ardhini. Udongo wa sehemu kubwa ya msitu huo ni hafifu, lakini humo humo kuna maeneo yenye udongo mweusi wenye rutuba, uliojaa mkaa, mifupa na vigae vya vyungu. Hayo ni majivu ya mekoni, mabaki ya samaki na taka za kaya, vizazi kwa vizazi. Wakulima bado wanaupenda. Vipimo vya leza kutoka angani navyo vimeonyesha barabara na matuta ya kale chini ya miti, huko Bolivia na Ekuado. Anayetaka kuhakiki atafute picha hizo, aone mwenyewe.

Mkanganyiko una chanzo chake. Baada ya 1492, Wazungu walipoanza kufika Amerika, maradhi kutoka Ulaya yaliua wenyeji wengi mno. Msitu ukafunika vijiji, na wasafiri wa baadaye wakadhani ulikuwa hivyo tangu mwanzo.

Haya hayahalalishi matingatinga ya leo, maana kufyeka msitu kwa ajili ya malisho ni jambo jingine kabisa. Lakini ujumbe ule unawaumiza wenyeji, kwani huwafanya waonekane wavamizi kwao. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze.