Uchafuzi wa mwanga: usiku unapokosa giza

Uchafuzi wa mwanga ni mwanga wa taa unaofika mahali usipohitajika, au saa usipohitajika, mpaka ukaharibu kitu: usingizi wa mtu, safari ya ndege wanaohama, uzazi wa wadudu, hata uwezo wetu wa kuona nyota. Neno "uchafuzi" huwashangaza wengi. Moshi tunauelewa, takataka kwenye mtaro tunazielewa, lakini mwanga? Mwanga tumeulilia miaka mingi. Uganda kuna nyumba nyingi ambako hadi leo mtoto anasomea koroboi, au tadooba kama tunavyoiita huku, na asubuhi pua yake imejaa masizi. Sitaki mtoto huyo abaki hapo. Ninayoizungumzia ni taa iliyoelekezwa vibaya, yenye ukali kuliko kazi yake, au inayowaka mpaka alfajiri bila mtu wa kuitumia.

Ukitaka kuona nguvu ya mwanga kwa macho yako, nenda Masaka mwezi wa Novemba, ambao kwa Kiganda unaitwa Museenene, mwezi wa senene, wale panzi wanaoliwa. Wakati wa giza kuingia, wategaji wanawasha taa kubwa za wati 400 juu ya nguzo. Chini yake wamesimamisha mabati mapya yanayong'aa, kila bati limeingizwa ndani ya pipa lisilo na mfuniko. Pembeni majani mabichi yanafuka moshi. Senene wanakuja kutoka gizani, wanazunguka taa, moshi unawalevya, wanagonga bati, wanateleza, wanatumbukia. Usiku wa neema mlio wake unafanana na mvua ya mawe juu ya paa. Asubuhi wanauzwa kwa kopo, kina mama wanawatoa mabawa na miguu, na wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu. Ni kazi halali na chakula kitamu, wala sina ugomvi nayo.

Lakini jiulize kwa nini mdudu anaiendea taa. Wazee walisema anapenda mwanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi sana, ulitoa jibu jingine. Wadudu wengi wanaporuka usiku hugeuzia mgongo upande wenye mwanga zaidi, kwa sababu kwa mamilioni ya miaka upande huo umekuwa angani. Hivyo ndivyo wanavyojua juu ni wapi na chini ni wapi. Ukiweka taa ubavuni mwao, mgongo unageukia taa, mwili unainama, njia inapinda, na mdudu anajikuta anazunguka bila kutoka. Hakuifuata taa kwa kuipenda. Amepoteza juu na chini.

Kwa hiyo taa ya mtego wa Masaka na taa ya kituo cha mafuta kule kwetu Busia zinafanya kazi ileile. Mtegaji ana pipa, anajua anakamata nini, na msimu ukiisha anazima. Kituo cha mafuta hakina pipa wala msimu. Asubuhi mfagiaji anazoa nondo, kumbikumbi na mende wa mavi kwa chepeo, anamwaga. Wale nondo baadhi yao walikuwa waende kuchavusha maua usiku huo, na wengine walikuwa chakula cha popo na vyura. Kuna pia yule mdudu mwembamba mwenye pingili za rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye taa humleta hadi ndani ya nyumba. Ukimponda juu ya ngozi, kesho yake una malengelenge kama mtu aliyeungua.

Ziwani mambo ni hayohayo. Wavuvi wa mukene, dagaa wale wanaoitwa omena upande wa Kenya, huvua kwa taa usiku usio na mwezi. Mwezi mpevu ukitoka, wengi hupumzika, kwa maana taa zao hazina tena nguvu ya kuwakusanya samaki. Hebu fikiria maana yake: mwezi mpevu huangaza kama sehemu ya kumi hadi theluthi ya luksi moja, kipimo cha mwanga, na hiyo tayari inatosha kubadilisha kazi ya ziwa zima. Barabara yenye taa nzuri hupata luksi 10 hivi. Viumbe wa majini huishi kwa kuhesabu mwanga huo mdogo. Miaka ya 1950 watafiti waliokuwa Ziwa Viktoria waliandika kuhusu mdudu aitwaye Povilla adusta, ambaye hutoka majini kwa wingi siku chache tu kila mwezi, mara baada ya mwezi mpevu, ili dume na jike wakutane, kwa sababu akishapata mabawa maisha yake hayazidi usiku huo. Kiumbe anayesoma kalenda kwa mwezi, sisi tunamwekea ufukweni taa zilizo kama miezi isiyozama.

Ndege nao wamo. Kwa jirani zetu Kenya, kwenye hoteli ya Ngulia ndani ya Tsavo, taa kubwa ziliwekwa ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji. Usiku wa ukungu, usio na mwezi, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia wakaanza kushuka kwa mamia kwenye mwanga ule. Tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakiwakamata hapo, wanawavisha pete mguuni na kuwaachia. Sayansi imefaidika sana, lakini mwanga ule umetuonyesha pia jinsi ndege aliyevuka bahari na jangwa anavyoweza kupotezwa njia na taa za jengo moja.

Sasa tuje kwa mwili wa mtu. Sisi tunaosema Kiswahili tuna ushahidi mdomoni mwetu kila siku. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu tunaishi jirani na ikweta. Ukitoka Kampala kwenda Masaka unaivuka pale Kayabwe, penye zile duara nyeupe wanapopigia picha watalii. Huku mchana na usiku hugawana saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Miili ya watu wa huku imelelewa na usiku wa saa kumi na mbili, pengine na mwezi au moto wa kuni tu.

Mwili una saa yake. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Kila siku saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Nyuma ya jicho kuna seli chache ambazo kazi yake kubwa si kuona picha bali kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na kinachozishtua zaidi ni mwanga wa buluu. Giza likiingia, ubongo huachilia homoni ya melatonini, na mwili unajua saa ya kupumzika imefika. Taa nyeupe kali, au simu iliyo karibu na uso saa nne ya usiku, huichelewesha homoni hiyo. Unalala lakini usingizi haushuki. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka kazi za usiku zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ikarudia uamuzi huo. Hapo wanasemwa manesi, askari na madereva wanaokesha miaka na miaka. Taa moja ya barazani si jambo la ukubwa huo, na mtu asitishwe nayo.

Hata hivyo najua inavyokuwa. Kituo cha mafuta kinachotazamana na nyumba yangu kilifunga taa mpya za LED, nyeupe kama radi, moja ikaelekea dirisha la chumba wanacholala watoto. Mapazia hayakutosha. Jogoo wa jirani akaanza kuwika saa sita usiku, na binti yangu mdogo akawa analala amejifunika kanga usoni. Nikamwendea msimamizi.

"Mzee, ile ni ya usalama," akaniambia kwa heshima.

Nikamwomba tusimame pamoja mlangoni kwangu na kutazama. Tukasimama. Pampu tuliziona vizuri, lakini nyuma ya nguzo ya taa kulikuwa kweusi tititi, kwa sababu macho yakishapigwa na mwanga mkali hayaoni kivulini. Askari wao alikuwa amekaa hukohuko kwenye kiti na hatukumwona mpaka alipokohoa. Kesho yake msimamizi alipanda ngazi, akaiinamisha taa itazame chini na kuifunga kipande cha bati ubavuni. Ilimchukua dakika ishirini. Uwanja wao sasa unaangaza zaidi ya mwanzo, maana mwanga wote unaanguka panapouzwa mafuta.

Mashamba yanaguswa pia, ingawa hili halisemwi sana. Soya ni mmea unaohesabu urefu wa usiku kabla ya kutoa maua. Mistari iliyo karibu na taa za barabarani huweza kubaki kijani ikichelewa kukomaa wakati shamba lingine limekauka tayari kuvunwa. Mtama una tabia hiyo pia.

Na anga? Ramani ya dunia iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na zaidi ya theluthi moja hawawezi kuiona kabisa ile Njia ya Maziwa, mkanda mweupe wa nyota unaovuka anga. Sehemu kubwa ya Uganda bado iko nje ya hesabu hiyo mbaya. Waswahili wa pwani walikuwa wakitazama kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, na jina lake limetoka kwenye kulima; walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Juu ya Kampala, kishada hicho leo ni ukungu hafifu.

Ukienda dukani, tazama boksi la balbu. Kuna namba inayofuatwa na herufi K, ambayo inaeleza rangi ya mwanga. 6500 ni nyeupe yenye buluu nyingi, ile inayoamsha mwili. 2700 au 3000 ni ya manjano, karibu na rangi ya moto, na wadudu wanaoivamia huwa wachache zaidi. Kwa taa ya nje chukua ya manjano, yenye wati chache, ifunge chini ya kofia ya bati ili isitazame juu wala kwa jirani. Zipo pia zenye kihisio, ambazo huwaka mtu akipita na kuzimika zenyewe akishaondoka, na zinazotumia sola betri yake hudumu zaidi kwa namna hiyo.