Mtungi Unaovuja si Mwisho wa Mashindano

Wengi wanaofuatilia mchezo wa kulenga shabaha huamini kwamba bastola ya hewa, ya kulenga shabaha iliyo umbali wa mita 10, ikianza kuvuja uwanjani, mtungi wake wa hewa iliyogandamizwa umekufa na mashindano ya mwenyewe yamekwisha. Dhana hiyo si sahihi, na huwakatisha tamaa wanaoanza. Mara nyingi kinachovuja ni pete ya mpira, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambayo imekauka au imenasa chembe ya uchafu. Tone la maji ya sabuni kwenye maungio hutoa mapovu palipo na kasoro. Hewa ikishatolewa yote, pete hubadilishwa kwa dakika chache na kupakwa grisi ya silikoni, kamwe si mafuta ya kawaida, kwa kuwa hayo yanaweza kuwaka penye mgandamizo mkubwa. Mtungi wenyewe hukataliwa kwa sababu nyingine: kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, haziruhusu uliopita tarehe yake ya mwisho, ambayo haizidi miaka 10. Kinachosahauliwa zaidi ni kifyatulio. Kikiguswa wakati wa matengenezo, bastola irudishwe kwa wakaguzi, ambao hukining'inizia uzito wa gramu 500, mtutu ukiwa wima, nacho hakipaswi kufyatuka.