Skrini ya OLED haina wino, wala metali ya kuuza

Mteja akileta simu iliyoanguka, kioo cha juu kikiwa kizima lakini doa jeusi linatambaa kutoka pembeni, huanza hivi: "Fundi, wino umemwagika." Natengeneza simu karibu na Soko la Jubilee hapa Kisumu, na wino huo sijawahi kuuona. Ndani ya skrini ya OLED, ile ambayo kila nukta yake hung'aa yenyewe, mna matabaka membamba ya kampaundi za kaboni, yaliyofungiwa yasiguswe na hewa. Skrini ikipata ufa, oksijeni na unyevu hupenya, na zilipofika mwanga unakufa. Ndiyo maana doa la jioni huamka likiwa kubwa zaidi. Kuizika simu kwenye mchele hakusaidii. Kula mchele wako.

O ya OLED ni "organiki", na wengine huniambia skrini kama hiyo ni ya asili, kama sukuma wiki isiyopigwa dawa. Sivyo. Kwa mkemia, organiki ni kampaundi za kaboni, na hata plastiki imo. Tena ndani ya hizo organiki mna metali! Ching Tang na Steven Van Slyke, watafiti wa kampuni ya Kodak, walipotangaza OLED yao mwaka 1987, mwanga wake wa kijani ulitoka kwa Alq3: atomi moja ya alumini iliyokumbatiwa na molekuli tatu za kaboni.

Dhana niliyokaa nayo mimi mwenyewe ni kwamba metali hiyo huwaka kwa joto, kama waya wa balbu za zamani. Kumbe hakuna kinachopashwa moto. Umeme huleta elektroni upande mmoja, na upande wa pili "mashimo", yaani nafasi zilizoachwa na elektroni. Vikikutana, molekuli hujaa nishati, kisha huitoa kama mwanga. Tatizo ni spini, tabia ya elektroni inayofanana na kuzunguka kwa pia. Katika kila mikutano minne, ni mmoja tu unaoipa molekuli ya kawaida ruhusa ya kung'aa. Nishati ya ile mitatu kwa kawaida hupotea kama joto. Hapo ndipo metali za iridiamu na platinamu zinapoingia. Atomi zake ni nzito, na uzito huo huilegeza sheria ya spini hadi ile mitatu nayo ikapata njia ya kutokea kama mwanga. Kundi la watafiti Stephen Forrest na Mark Thompson lilionyesha hivyo mwaka 1998 kwa kampaundi nyekundu ya platinamu, na mwaka uliofuata ikaja ya kijani, ya iridiamu. Alumini ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Kijana mmoja wa vyuma chakavu aliposikia iridiamu akataka kununua skrini zangu zote mbovu. Nikampigia hesabu nyuma ya risiti: tabaka linalong'aa lina unene wa makumi ya nanomita tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na kampaundi ya iridiamu ni sehemu ndogo yake. Iridiamu ya simu nzima haifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu. Akacheka, akaulizia nyaya za chaja zilizoungua.

Halafu kuna wanaodhani rangi zote huzeeka sawasawa. Mwendesha boda wa Kondele aliniletea simu anayoifunga kwenye usukani, ramani ikiwaka mchana kutwa na mwangaza umepandishwa hadi mwisho. Nikafungua picha nyeupe tupu. Upau wa juu, wenye saa na betri, ulibaki kama kivuli, na weupe wenyewe ulikuwa umeingia manjano. "Ni virusi?" akauliza. Ni bluu iliyochoka. Mwanga wa bluu unadai nishati kubwa, na nishati hiyo huivunjavunja molekuli yenyewe. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi watengenezaji wametumia iridiamu kwa nyekundu na kijani, bluu wakaiachia molekuli zisizo na metali: hazitumii umeme vizuri, ila zinadumu zaidi.

Nilimpunguzia mwangaza nikamwekea mandhari nyeusi, maana kwenye OLED nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Kile kivuli hakikutoka. Alilipa mia mbili, akaifunga simu tena kwenye usukani, akapandisha mwangaza.