Swali la "paa", na kompyuta inayomtahini mwalimu

Muhula uliopita mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya huku Kisiwani Mombasa alinikaribisha ofisini, akanimiminia chai ya tangawizi, kisha akauliza swali ninaloulizwa kila ninakoingia, iwe Changamwe au Kisauni.

"Hebu nambie, mwanangu, hiyo mitambo yako yasahihisha karatasi mia kwa muda gani?"

"Sekunde chache, Mwalimu."

"Basi taabu yangu yaisha."

Sikumjibu. Nilifundisha hisabati miaka kumi na mmoja kabla ya kuingia kazi hii ya kuwawekea walimu mitihani kwenye kompyuta, na najua kwamba taabu ya kalamu nyekundu ikiisha huja nyingine. Kompyuta ikishamaliza kumpa mwanafunzi alama, humgeukia aliyetunga swali.

Hii kasi yenyewe si mpya. Miaka ya 1930 huko Michigan, Marekani, mwalimu wa shule ya upili aitwaye Reynold Johnson alibuni mashine ya kusoma alama za penseli kwenye karatasi ya majibu. Risasi ya penseli hupitisha umeme, na mashine ilichohitaji ni kugusa karatasi na kuhisi mkondo unapita wapi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana, Johnson aliwachezea shere wavulana waliokuja kuwaona dada zake: aliwachorea penseli kwenye plagi za magari yao, moto ukatoroka, gari likagoma kuwaka. Kampuni ya IBM ilimwajiri, na mwishoni mwa muongo huo ikatoa mashine yake kwa jina la IBM 805. (Huyu ndiye aliyekuja kuongoza kundi lililotengeneza diski ya kwanza ya kuhifadhia data, 1956. Walimu wa shule wasidharauliwe.) Sisi wenyewe tumeyaona hayo: waliofanya KCPE, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi ile ya mwisho ya 2023, wanaikumbuka karatasi ya vistari vya penseli iliyosomwa na mashine.

Kwa hivyo kusahihisha haraka ni habari ya mababu. Kilicho kipya ni kwamba shule ya kawaida, yenye laptopu kumi na tano zilizochoka, sasa inaweza kufanya uchambuzi ambao zamani ulikuwa wa mabaraza ya mitihani tu.

Nianze na swali jepesi. Bei ya jozi ya leso imepanda kutoka shilingi 800 hadi 1,000. Imepanda kwa asilimia ngapi? Majibu manne: 20, 25, 80, 200. Jibu ni 25. Sasa tazama yale matatu mengine, maana hayakuokotwa jalalani. Aliyechagua 20 anajua kutoa na kugawanya, ila amegawanya kwa bei mpya badala ya ile ya zamani. Wa 80 amegawanya bei kwa bei. Wa 200 ametoa tu, akaridhika. Ni wanafunzi watatu wanaohitaji masomo matatu tofauti, na kwenye karatasi wote wangepata mkasi (X) mmoja mwekundu. Kompyuta inawapanga mbele yako kabla kengele haijalia: hawa kumi na wawili wamegawanya kwa bei mpya. Unawaita mbele, unawafundisha kwa dakika kumi, na kesho mnaendelea. Lakini hayo yote yanategemea mwalimu aliyeketi akafikiria watoto hukosea vipi. Ukiweka majibu ya mtego ya ovyo, takwimu zitakazotoka zitakuwa za ovyo pia, hata ziwe na rangi nzuri kiasi gani.

Halafu kuna lile swali la "paa".

Mwalimu wangu wa chai ya tangawizi alinipa maswali 40 ya kuchagua, yaliyokusanywa kwa miaka, mengine kutoka vitabu vya marudio. La 23 liliuliza: lipi kati ya haya si maana ya neno "paa"? A, mnyama wa jamii ya swala. B, kwenda juu. C, kutoa magamba ya samaki. D, sehemu ya juu ya nyumba. Mwongozo wa kusahihisha ulisema C. Nami, kwa haraka zangu, niliingiza C.

Darasa lilikuwa la wanafunzi 48. Njia ya kulipima swali ni rahisi kuliko inavyotisha. Unawapanga wanafunzi kwa jumla ya alama zao, unachukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, hapa 13 kwa 13, kisha unauliza: wangapi wa juu wamelipata swali hili, na wangapi wa chini? Swali zuri hupatwa zaidi na wa juu. Lile la leso lilipatwa na 11 wa juu na 3 wa chini. Toa 3 kutoka 11, gawanya kwa 13, unapata 0.62, nambari ya kujivunia. Swali la "paa" lilipatwa na 2 wa juu na 7 wa chini. Hasi 0.38. Programu ikalipaka rangi nyekundu.

Nambari hasi ina maana kwamba swali linawaadhibu wanaojua, na hapa ndivyo ilivyokuwa. Mtoto aliyekulia Mombasa amemwona nyanyake akipaa changu uani, magamba yakiruka hadi kwenye mlango. Akisoma lile swali anaona majibu yote manne ni maana za "paa", anachanganyikiwa, anabahatisha. Asiyelijua neno hilo la jikoni anasoma C, anaona ni la ajabu, analichagua na kupewa alama. Sijui aliyelitunga alikuwa nani, lakini nadhani alinunua samaki wake wakiwa wamekwisha paliwa.

Nilimwonyesha Mwalimu karatasi ya uchambuzi. Aliitazama kwa muda, akavua miwani.

"Mimi mtoto wa Kibokoni," akasema polepole, "nimewakata watoto alama kwa neno nililofunzwa na mamangu."

Kwa kalamu nyekundu asingelijua hilo milele. Ukisahihisha karatasi moja moja unamwona mwanafunzi mmoja mmoja. Swali lenyewe hulioni. Tena unaposahihisha kwa mwongozo uliouamini, macho yanatafuta herufi C na akili imelala. Kompyuta nayo haikujua maana ya "paa", haina nyanya wala ua. Iliona tu kwamba mfululizo wa nambari umekwenda kinyume, ikamwita binadamu aje atazame.

Sasa niwape yale yanayoudhi, maana si haki kuwasifia tu.

Mashine ni jinga kuliko karani mpya. Niliuliza, kwa jibu fupi la kuandika, ngeli ya nomino "ukuta". Nikaingiza jibu: U-ZI. Watoto wakaandika U-ZI, u-zi, U/ZI, UZI, "ngeli ya U-ZI", na wengine kistari chao kiligeuka kirefu kwa sababu tableti ilijifanya kuwasaidia. Wote walikuwa sahihi, na wengi wao walipewa sifuri. Siku hizi naingiza kila umbo ninaloweza kulifikiria, kisha napitia kwa macho majibu yote yaliyokataliwa kabla matokeo hayajatoka. Hesabu pia zina visa vyake: 0.5, .5 na 1/2 ni mtu mmoja kwako wewe, lakini kwa mashine ni watu watatu wasiojuana.

Na saa! Niliwahi kumpigia simu msaidizi wa maabara ya kompyuta, nikamwambia mtihani ufunguke saa tatu. Naye akaandika 3:00. Mtihani ukafunguka saa tisa usiku, ukakaa wazi saa moja na nusu bila mtu hata mmoja, ukajifunga kabla ya adhana ya alfajiri. Asubuhi wanafunzi wanaingia, skrini zinawaambia muda umekwisha. Kosa lilikuwa langu. Sasa naandika "9:00 asubuhi, yaani saa tatu yetu", hata kama msomaji atanicheka.

Kuhusu intaneti watu huniuliza sana, na huwa nashangaa kidogo. Kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Data nyingi ya eneo hili inapita chini ya mchanga tunaochezea mpira. Lakini kutoka mchangani hadi darasani ni safari nyingine, kwa hivyo sitegemei mtandao wa nje kamwe. Laptopu moja inafanywa seva, inawekewa Moodle (programu ya bure ya masomo na mitihani, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo lake la kwanza likatoka 2002), rauta moja inawekwa katikati ya chumba, na kila kitu kinazunguka humo humo. Stima ikipotea, laptopu zina betri. Seva na rauta zinakaa kwenye betri ya akiba. Majibu yanahifadhiwa kila baada ya muda mfupi, hivyo mashine moja ikizima, mtoto anahamia nyingine na kuendelea alipoachia. Adui mkubwa kuliko stima ni chumvi. Hewa ya bahari inakula matundu ya kuchomekea waya, na kompyuta ya mezani iliyo karibu na dirisha linalopigwa na kusi haidumu. Funika mashine, weka mbali na dirisha, na usinunue za mezani kama unaweza kupata za kubebeka.

Jambo ambalo shule husahau ni kidole. Watoto wetu wengi wamekulia kwenye simu. Dole gumba lina kasi ya ajabu, lakini ukiwapa kibodi wanatafuta herufi kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Ukiwapa ufahamu wa kurasa mbili na maswali yake chini kabisa, mtoto anapanda na kushuka na skrini mpaka anasahau alichotafuta. Hapo umepima mausi, hujapima kusoma. Weka kifungu na swali bega kwa bega. Na kabla ya mtihani wowote wenye uzito, wape kikao kizima cha kuchezea, chenye maswali ya mzaha.

Ile mitihani inayobadilika kulingana na uwezo wa mtahiniwa nitaipitia haraka, ingawa wauzaji wanaipenda. GMAT, mtihani wa kuingia vyuo vya biashara, iliingia huko 1997, na SAT ya Marekani sasa hupanga sehemu ya pili kwa jinsi ulivyofanya ya kwanza. Hisabati yake ni nzuri. Nyingi imejengwa juu ya kazi za watu kama Mdenmark Georg Rasch, aliyechapisha kitabu chake 1960. Lakini kila swali linahitaji kwanza kujibiwa na mamia ya watu ili ugumu wake ujulikane. Shule yenye mikondo miwili haina mamia hayo. Muuzaji akikwambia programu yake inafanya hivyo kwa darasa lako la watoto 48, muulize maswali yake yalipimwa kwa akina nani.

Insha siipi mashine. Kusahihisha insha kwa kompyuta kulianza kwa Kiingereza na Ellis Page katika miaka ya 1960, na mashine nyingi za kazi hiyo zimevutiwa na urefu na maneno makubwa. Les Perelman wa Marekani alisaidia kutengeneza programu ya kuandika insha zisizo na maana yoyote, na mashine za kusahihisha zikazipa alama za juu. Hebu fikiria insha zetu, zile zinazoanza na majogoo kuwika na jua kuchomoza kwa madaha, tamathali za usemi zimepangwa kama biskuti, na kisa chenyewe hakipo. Mwalimu mzoefu anaguna kwenye mstari wa tatu. Mashine itapiga makofi.

Ninachopendekeza kwanza, shule ikiniita, hakina hata alama. Maswali matano kila Ijumaa, dakika kumi, matokeo yanaonekana papo hapo na hayaingii kwenye ripoti. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kifungu kisha wakajitahini walikikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliokisoma tena na tena. Kwa karatasi, hakuna mwalimu mwenye mikondo minne atakayekubali kusahihisha kila Ijumaa. Kwa kompyuta anafunga mlango na kwenda zake kuswali.

Swali la "paa" tuliliondoa, tukarudisha alama za watoto, kisha tukaliandika upya: toa maana nne za neno hili. Wiki iliyofuata nilimkuta Mwalimu na faili kuukuu mezani, imefungwa kwa kamba ya katani, maswali yake yote tangu 2009. Chai ilikuwa tayari.

"Yatie yote," akasema. "Na uanze na hili la 'kaa'. Lanitia shaka."