Boneti hii ilitoka gari gani? Kabla ya kujibu, weka msasa chini

Kila East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani ya Safari Rally, inapokaribia, simu yangu hujaa picha za mabati. Mlango umeegemezwa ukutani Kariobangi, madigadi imening'inia kwenye boriti ya stoo Industrial Area, boneti imegeuzwa paa la banda la kuku. Chini ya picha huja maneno yale yale: "Mzee, hii ni ya gari la Joginder." Isipokuwa ya Joginder Singh, basi ni ya Shekhar Mehta, wote washindi wa Safari. Bado sijaletewa paneli ya mtu aliyemaliza wa kumi na tisa, ilhali walioshindwa ndio waliokuwa wengi, na ndio waliotuachia mabati mengi hapa Nairobi.

Kazi yangu ni kutafuta asili ya paneli hizo kabla hazijauzwa au kufungwa kwenye gari linalofufuliwa. Ombi langu la kwanza kwa mteja ni moja: usiioshe, usiipige msasa, usimwachie fundi wa rangi hata nusu saa. Watu hudhani paneli safi ndiyo yenye thamani. Lakini gari la Safari liliishi kwa kugongwa na kunyooshwa. Miaka ya 70 njia ilizidi kilomita 5,000, na bati lililoharibika lilinyooshwa au kubadilishwa usiku uo huo kando ya barabara, gari likaendelea. Alama za shughuli hizo ndizo zinazotenganisha bati la mashindano na bati la gari la kwenda kazini, na msasa huzimaliza kwa dakika chache.

Mimi huanza na swali jepesi: paneli hii haiwezi kuwa nini? Mengi hufia hapo.

Namba ya kiwanda husaidia, kama ipo. Kwenye spea za Ford za Ulaya za miaka ya 70, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka ambao kifaa kilichorwa, kwa hiyo 71 ni 1971. Kundi la katikati hutaja kifaa chenyewe: 16005 na 16006 ni madigadi za mbele, 16612 ni boneti. Herufi za mwisho, AA au AB, hubadilika kifaa kikifanyiwa marekebisho. Wauzaji hujikwaa kwenye ule mwaka. Madigadi yenye 71 inaweza kuwa ilitoka mtamboni 1976. Namba inakuhakikishia tu kwamba haikuwepo kabla ya 1971. Basi ukiambiwa ni ya gari lililokimbia 1969, rudisha pesa mfukoni. Kwa Porsche, kundi la pili likianza na 5 ujue ni bodi, na kwa paneli zinazokwenda jozi namba witiri ni ya kushoto, shufwa ya kulia. Nissan, waliouza magari kwa jina la Datsun, nao huanza na tarakimu tano za kifaa (65100 ni boneti, 63100 na 63101 ni madigadi za mbele), kisha namba za modeli. E4100 hukupeleka kwenye 240Z. Shida ni kwamba namba hiyo mara nyingi ilikuwa kwenye lebo ya karatasi, na karatasi haikai miaka 50 Gikomba.

Namba ikikosekana nageukia nati zilizochomelewa nyuma ya bati. Kipimo cha nyuzi, yaani mikato ya ndani ya nati, ni kitu kidogo cha bei nafuu, utakipata Kirinyaga Road kwenye maduka ya vifaa. Nati ya milimita 10 ya gari la Kijapani la enzi hizo kwa kawaida ina hatua (nafasi kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25, ya Mjerumani ni 1.5. Ford Escort za kwanza za Uingereza zilitumia nyuzi za inchi kwa sehemu kubwa, na Volvo za wakati wa PV544, ile aliyoshindia Joginder 1965, vivyo hivyo. Mlango "wa Volvo ya Joginder" wenye nati za milimita pote una maswali ya kujibu.

Taa zilizobaki kwenye paneli nazo huongea. Tazama kioo, utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza. Japani ilijiunga na mkataba wa alama hizo 1998 na kupewa E43. Ukiuziwa "taa asili ya Datsun ya 1973" ikiwa na E43, unajua la kufanya. Vilevile Kevlar, nyuzi nyepesi na imara sana: iligunduliwa na Stephanie Kwolek pale DuPont mwaka 1965, ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 70. Paneli ya Kevlar "ya 1968" haipo.

Peugeot 504 inahitaji neno lake. Saluni na pikapu zake ziliunganishwa Mombasa, kwa hiyo kukuta mlango wa 504 Nairobi si habari. Lakini 504 aliyoshindia Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 ilikuwa kupe, ya milango miwili, yenye injini ya V6, na bodi ya kupe ilitengenezwa na Pininfarina kule Italia; paneli zake za nje haziingiliani na za saluni. Ukiokota madigadi ya kupe kwenye vyuma chakavu vya jiji hili, nipigie hata saa nane za usiku.

Sasa nieleze boneti moja kwa kirefu, maana ndiyo iliyonikalisha zaidi. Ilikuwa ya faibaglasi, umbo la Datsun 240Z, na hadithi yake ilikuwa tamu: ilitoka kwenye gari waliloshindia Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1971. Gari hilo jekundu, lenye boneti nyeusi, lilirudi Japani, likafufuliwa na Nissan mwaka 2013, na limo katika mkusanyo wao wa Zama. Hilo halikatai hadithi moja kwa moja, kwa sababu boneti hubadilishwa.

Nilifungua dirisha la rangi pembeni, chini ya bawaba, upana wa dole gumba tu, kwa msasa laini wa maji. Huo ndio msasa pekee ninaouruhusu. Duara zikajitokeza moja baada ya nyingine: nyeupe, praima ya kijivu, buluu, kisha nyeusi isiyong'aa iliyokaa juu ya faibaglasi yenyewe. Kitambaa chenye thina hakikuigusa nyeupe. Hiyo ni 2K, rangi inayochanganywa na kigandishi. Nyeusi ilitoka papo hapo ikachafua kitambaa. Hiyo ni selulosi. Mteja alitabasamu. Nikamkumbusha kwamba madereva wengi walipaka boneti nyeusi ili jua lisiwarudie machoni, na selulosi inauzwa Nairobi hadi leo, kwa hiyo peke yake haitoi tarehe.

Upande wa nyuma ndio uliosema. Resini ya zamani, ile gundi inayogandisha faibaglasi, hugeuka rangi ya asali, na hii ilikuwa hivyo, isipokuwa kiraka cheupe zaidi kwenye bawaba ya kushoto, mahali palipochanika pakafunikwa baadaye. Nati zilikuwa za milimita 8, ambazo hatua yake ya kawaida ni 1.25 kwa Mjapani na Mjerumani, kwa hiyo hazikunifaa kitu. Kisha nikapitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele nikagusa bonde dogo. Halikuwa limegongwa. Lilikuwa ndani ya tabaka la kwanza la resini, laini, bila ufa hata mmoja. Maana yake kalibu ilichukuliwa kwenye boneti ya chuma iliyokwisha kubonyea. Timu ya kiwanda haichukui kalibu kwenye boneti iliyobonyea; fundi wa gereji mwenye boneti moja tu huchukua.

Ripoti yangu ikasema hivyo: nakala, si ya kiwanda, imetumika mashindanoni. Hilo la mwisho nililipata kwenye matundu manne mbele yenye vibati vya kuimarisha nyuma yake, mahali pa taa za ziada. Gari la kwenda sokoni halihitaji taa zilizofungwa kustahimili mitetemo ya aina hiyo. Kwenye buti natafuta vilevile matundu ya vishikio: msaidizi wa dereva alisimama juu ya bampa, akashika hapo na kurukaruka ili magurudumu ya nyuma yashike tope. Udongo mwekundu siuhesabu kabisa. Hata matatu ya kwenda Kikuyu inao.

Baada ya hapo ni makaratasi. Logibuku haitakusaidia, hairekodi milango wala boneti. Fomu za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, za kuidhinisha kila modeli zina picha na vipimo, na nyingi za zamani zinapatikana mtandaoni. Magazeti ya zamani yako maktaba ya McMillan, na picha za mashindano utazikuta humo kwa wingi. Zingatia tarehe ya picha, maana gari moja linaweza kuanza na boneti hii likamaliza na nyingine.

Wanunuzi wa Ulaya hunikera kidogo. Wanataka paneli ya kiwanda isiyo na mkunjo, wakidhani mkono wa fundi wa Nairobi umeiharibu. Kwangu boneti ile ya nakala, yenye kiraka na matundu yake, ina uzito kuliko paneli mpya ya kiwanda iliyolala stoo tangu ilipofika. Bei yake ni ndogo, hilo sibishani nalo. Mteja aliniomba nifute neno "nakala" kwenye ripoti, nikakataa, akaipeleka kwa mtu anayejenga 240Z ya Safari Classic.

Ukinitumia picha, anza na upande wa nyuma. Weka rula kando ya kila tundu, piga nati kwa karibu, na uniandikie umeipata mtaa gani na kwa nani. Jina la dereva liache mwisho.